Rimu Moja, Kilo Mbili na Nusu: Mhadhara Kuhusu Rafu za Kuhifadhia Nyaraka

Rimu moja ya karatasi za A4, ile ya gramu 80 inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ofisi, ina karatasi 500, unene wa sentimita 5 hivi na uzito wa kilo mbili na nusu. Mtoto wa darasa la tatu anaibeba bila shida. Zikisimamishwa rimu 20 kama hizo, moja ikigusana na nyingine, zinatimiza urefu wa mita moja, na uzito wake unafika kilo 50. Huo ni mfuko mzima wa saruji. Mhadhara huu unaanzia hapo, kwa kuwa kila mita ya rafu iliyojaa majalada hubeba mzigo wa kiasi hicho usiku na mchana, na hakuna aliyepanga siku ya kuutua.

Neno rafu lenyewe hupotosha. Linamkumbusha mtu vyombo vya jikoni au vitabu vya watoto sebuleni. Kwa hiyo katika ofisi nyingi ununuzi wa rafu za nyaraka huingizwa kwenye fungu la samani, pamoja na viti vya wageni na meza ya mikutano, na anayeandika vipimo huenda hajawahi kuingia chumba cha nyaraka hata mara moja. Anafungua katalogi ya muuzaji, anaona picha nzuri, anahesabu nafasi ya ukuta, zabuni inatangazwa. Rafu ya masijala inashika jalada linalofanya kazi kwa miaka mitano au saba, kisha jalada linaondoka. Rafu ya hifadhi inashika hati ya kiwanja, rejista ya ndoa, mwenendo wa kesi, barua ya mkuu wa wilaya wa mwaka 1934. Vitu ambavyo mjukuu wa anayetajwa humo atakuja kuviulizia. Kazi hizo mbili hazifanani, na chuma kinachofaa kwa ya kwanza mara nyingi hakifai kwa ya pili.

Hesabu ya sakafu ndiyo ya kwanza kufanywa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua rafu ya kawaida ya chuma yenye ngazi sita na upana wa mita moja, yenye nyuso mbili, yaani maboksi huku na maboksi kule. Kila ngazi inabeba kilo 50 za karatasi. Pamoja na maboksi na chuma chenyewe tuseme kilo 60. Ngazi 12 za nyuso zote mbili zinatoa kilo 720. Rafu hiyo ina kina cha sentimita 80, na mbele yake kuna njia ya kupita ya sentimita 80 nyingine. Ukigawa mzigo kwa eneo lote, pamoja na njia, kila mita ya mraba ya sakafu inabeba kilo 450. Sakafu ya ghorofa ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa maneno mengine, rafu za kawaida kabisa, zisizo na gurudumu wala reli, zikijaa zinapita uwezo wa ghorofa iliyojengewa makarani na kompyuta zao.

Sakafu ya zege haivunjiki siku hiyo hiyo. Inalegea pole pole. Mlango wa chumba unaanza kugoma kufunga, ufa mwembamba kama unywele unatokea kwenye dari ya ofisi ya chini, na mtu anaita fundi wa rangi aje auzibe.

Nchini Rwanda mzigo wa namna hii unaweza kupimwa kwa mfano mmoja mkubwa. Mahakama za Gacaca, ambazo zilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994 na kufungwa rasmi mwaka 2012, ziliacha kumbukumbu zinazokadiriwa kufika kurasa milioni 60. Tuseme kila ukurasa una karatasi yake. Karatasi milioni 60, kwa gramu 5 kila moja, ni tani 300. Zikipangwa wima zinataka rafu za kilomita 6. Ni ushahidi ulioandikwa kwa mkono na watu wa vijijini, jirani akimtaja jirani, katika madaftari na fomu ambazo hazina nakala nyingine ya asili. Kazi ya kuzipiga picha na kuziweka kwenye kompyuta imefanyika, na ni jambo jema. Lakini daftari lenyewe bado linahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo pana uzito.

Basi mtu anayekabiliwa na kilomita za karatasi na chumba kidogo huvutwa na rafu za kusukuma, zile za mobaili zinazotembea juu ya reli na kufungwa zikabana kama kurasa za kitabu, ikabaki njia moja tu inayofunguliwa pale inapohitajika. Wazo hili ni la zamani. Makumbusho ya Uingereza jijini London yalikuwa na kabati za kuteleza katika miaka ya 1880. William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne na mpenzi mkubwa wa vitabu, aliandika insha mwaka 1890 kuhusu namna ya kuvipa vitabu makazi, akapendekeza rafu zinazobanwa pamoja. Na chini ya ardhi huko Oxford, karibu na jengo la Radcliffe Camera, ghala la vitabu la namna hiyo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo chumba hicho kina jina la Gladstone.

Angalia lakini kwamba wale wa Oxford waliziweka chini ya ardhi, si ghorofani. Rafu za kusukuma zinaokoa nafasi kwa kuondoa njia za kupita, na njia zikiondoka uzito unabaki. Ile rafu yetu ya kilo 720, ikibanwa na wenzake, inakalia sentimita 80 tu badala ya mita moja na sentimita 60. Mzigo unapanda hadi kilo 900 kwa mita ya mraba, na ukiongeza chuma cha magari yake na reli unakaribia tani moja. Sakafu isiyoweza kubeba nusu ya mzigo huo haipaswi hata kufikiriwa. Na hata ikiweza kuubeba, lazima iwe sawasawa kabisa. Ikizama milimita chache upande mmoja, rafu zinaanza kutembea zenyewe kuelekea bondeni, na mtumishi aliye katikati ya njia akiwa na boksi mikononi anasikia chuma kikimsogelea. Kwa sababu hiyo kifungio cha usalama, kinachozuia rafu isisogee mtu akiwa ndani, kiandikwe kwenye vipimo kwa herufi kubwa, na kijaribiwe mbele ya mnunuzi kabla ya malipo. Zinazoendeshwa kwa umeme zina raha yake, ila umeme ukikatika jalada la mahakama linabaki limefungiwa humo hadi kesho. Usukani wa kuzungusha kwa mkono hausubiri umeme.

Ukiambiwa hivi, jibu linaonekana rahisi: nyaraka zote zishushwe chini. Na hapo ndipo ugumu wa ukanda huu unapojitokeza, kwa kuwa chini kuna maji na chini kuna mchwa.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya Desemba 2011, wala namna maji ya Msimbazi yanavyopanda Jangwani karibu kila mvua kubwa. Lakini maji ya kuharibu nyaraka si lazima yatoke mtoni. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka kutoka mlimani Cape Town ukaingia katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya taaluma za Afrika vilivyokuwa humo. Milango ya kuzuia moto ilifunga, na maghala yaliyo chini ya ukumbi yakanusurika na ndimi za moto. Hayakunusurika na maji. Maji yaliyomiminwa kuuzima moto yalishuka chini, na kwa siku nyingi watu wa kujitolea walisimama mstari mmoja wakipokezana kreti mkono kwa mkono, maelfu ya kreti, kuzitoa karatasi kabla ukungu haujaota. Anayechagua rafu akumbuke picha hiyo. Ngazi ya chini kabisa iwe walau sentimita 15 juu ya sakafu, na ngazi ya juu kabisa iwe na kifuniko cha bati, kwa sababu bomba la dari nalo hupasuka. Sentimita 15 hazimzuii Msimbazi. Zinatosha kwa bomba lililopasuka usiku, kwa ndoo ya kudekia iliyopinduka, na kwa saa mbili tatu za kuwahi kabla maji hayajafika kwenye boksi la kwanza.

Nafasi hiyo hiyo ya chini inafaa pia dhidi ya mchwa, ingawa kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Watu husema chuma hakiliwi na mchwa, na ni kweli. Mchwa hali chuma, anakipanda. Anajenga kijinjia chake cha udongo kwenye mguu wa rafu au kwenye ukuta nyuma yake, chembamba kama penseli, hadi afike kwenye karatasi, na akifika anakula kutoka ndani. Boksi linabaki na sura yake yote. Mtu analishika kulitoa, linamlegea mikononi kama mkate uliolowa, na ndani kuna udongo mkavu uliokaa mahali pa maneno. Kinga yake ni kuona mapema. Rafu yenye kitako kilichozibwa kwa bati hadi sakafuni, ambayo katalogi huisifu kwa unadhifu, inaficha hasa pale panapotakiwa kumulikwa. Rafu yenye miguu wazi, iliyosimama mbali na ukuta kiasi cha mkono wenye tochi kupita, inamwezesha mhudumu kukagua chumba kizima kila Ijumaa kwa robo saa.

Umbali huo na ukuta una kazi nyingine kubwa zaidi, ambayo ni hewa.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya katalogi yoyote. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa kwenye ukuta wa chumba cha ndani, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani, misahafu ikiwa miongoni mwavyo. Vidaka viko juu ya sakafu. Viko katika kina cha nyumba, mbali na ukuta unaopigwa na jua na mvua. Viko wazi, hewa inapita, na mwenye nyumba anaviona kila siku. Ukivitazama kwa jicho la mhifadhi, vidaka ni rafu nzuri kuliko makabati mengi ya chuma yaliyofungwa na kufuli ambayo yamesimamishwa yakigusana na ukuta wa nje wa ofisi za pwani. Nyuma ya makabati hayo ukuta unatoa jasho wakati wa masika, hewa haitembei, na ukungu wa kijani unaanza kwenye migongo ya majalada ambayo hakuna anayeyageuza.

Ukungu hauhitaji maji ya kumwagika. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, unaota. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Na Zanzibar ndiko ziliko Nyaraka za Taifa zenye mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, kama vile majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyoko katika Nyaraka za Taifa za Tanzania yalivyoingizwa mwaka 1997. Hazina hizo mbili ziko kwenye hewa ya bahari.

Dawa inayokimbiliwa ni kiyoyozi, na kiyoyozi kinachozimwa saa kumi na moja jioni ni adui. Mchana chumba kinapoa, chuma cha rafu kinapoa nacho. Jioni mashine inazimwa, hewa ya nje yenye unyevu inaingia kwa kila upenyo, inakuta chuma baridi, na matone yanatokea kama yanavyotokea kwenye glasi ya maji ya barafu. Asubuhi yamekauka, hakuna aliyeyaona. Baada ya miaka michache kutu inaonekana kwenye kona za rafu, na mtunza nyaraka analaumiwa. Chumba kisicho na uwezo wa kiyoyozi cha saa 24 ni afadhali kiishi na joto lake lililotulia, feni za kusukuma hewa, na rafu wazi zilizopangwa sambamba na mkondo wa hewa badala ya kuukinga.

Kwa sababu hii rafu za kusukuma zinataka uangalifu wa pili. Zikibanwa kwa miezi, katikati yake panakuwa na hewa iliyokufa. Hifadhi zinazojali huacha upenyo wa sentimita mbili tatu kati ya rafu na rafu kwa vizuizi vya mpira, huchagua bati zenye matundu kwenye mbavu, na jioni husambaza rafu zote kwa nafasi sawa badala ya kuziacha zimebanana. Mtindo huo wa jioni husaidia pia pale penye vinyunyizio vya moto, maana maji hayapenyi kwenye ukuta wa karatasi uliobanwa. Ni kazi ya dakika kumi. Iandikwe kwenye majukumu ya mtu mmoja mwenye jina, na isiachiwe nia njema.

Dodoma ni hadithi nyingine. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kiko huko, katika mji unaopata mvua kama nusu ya zile za Dar es Salaam, wenye miezi mirefu ya ukavu. Hatari ya Dodoma ni vumbi na joto zaidi ya ukungu, na rafu yenye mgongo na mbavu zilizozibwa, ambayo pwani ingekuwa kosa, huko inaweza kutetewa. Taasisi yenye ofisi katika mikoa yote ikinunua rafu za aina moja kwa zabuni moja, inaokoa fedha za karatasi za zabuni na kuzipoteza kwenye karatasi nyingine.

Sasa mbao. Mafundi wetu ni hodari, mninga na mvule ni miti ambayo mchwa huichukia, na rafu ya mbao ngumu iliyotengenezwa Keko, Dar es Salaam, inaweza kudumu kuliko mtu aliyeinunua. Mhadhara huu hauwadharau. Lakini mbao ina pumzi. Miti mingi hutoa mvuke wa asidi, hasa asidi ya siki, na karatasi iliyofungiwa karibu nayo inachukua asidi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mbao za viwandani, plaiwudi na zile za unga wa mbao uliogandamizwa, ni mbaya zaidi kwa sababu gundi yake hutoa fomaldehaidi. Ndizo hizo hizo zinazoletwa siku hizi kwa bei nafuu, zikiwa na ngozi ya plastiki inayong'aa, na ndizo zinazopinda katikati kabla ya mwaka wa tatu. Penye rafu za mbao ngumu zilizopo tayari, zisitupwe. Ziwekewe nafasi ya hewa, na majalada yaingizwe kwenye maboksi yasiyo na asidi. Penye fedha mpya, zinunuliwe za chuma.

Chuma nacho si jina moja. Yeyote aliyewahi kuezeka nyumba anajua tofauti ya geji 28 na geji 32, na anajua kwamba muuzaji husema moja akaleta nyingine. Bati la rafu liwe la milimita 0.8 au zaidi, lenye kingo zilizokunjwa mara mbili ili lisipinde wala lisikate vidole. Na rangi ndiyo yenye siri. Rangi ya unga, ile inayorushwa kwa umeme na kuokwa kwenye tanuri, ni salama ikiokwa ipasavyo. Rangi ya kuoka isiyoiva vizuri hubaki ikitoa mvuke, na uchunguzi uliofanywa Marekani na Ulaya kwenye miongo ya mwisho ya karne iliyopita ulizifanya hifadhi kubwa kuacha kuamini kila chuma kilichopakwa rangi. Andrew Oddy wa Makumbusho ya Uingereza alieleza mwaka 1973 jaribio ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: kipande cha kitu kinachoshukiwa kinafungiwa kwenye chupa pamoja na vipande safi vya fedha, risasi na shaba na unyevu kidogo, kinawekwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28, kisha metali zinatazamwa. Zikichakaa, kitu hicho hakiingii ghalani. Maabara ya kemia ya chuo chochote inaweza kulifanya. Ofisi isiyo na maabara inaweza angalau kumwomba mzabuni alete sampuli moja ya ngazi, iwekwe chumbani, ipakiwe rimu 20, na itazamwe baada ya mwezi: imepinda? inanuka rangi? mkwaruzo wa ukucha umeanza kutu?

Kuna imani nyingine ya kurekebisha kuhusu chuma, nayo ni kwamba hakiogopi moto. Chuma hakiwaki, lakini kikifika nyuzi 550 au 600 kimeshapoteza kama nusu ya nguvu yake, na rafu iliyobeba tani inaanguka juu ya rafu jirani. Kinga ya moto iko kwenye kuta, milango na nyaya za umeme.

Kisha kuna sentimita chache ambazo zinaweza kuharibu kila kitu. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, na rafu nyingi za ofisi zina kina cha sentimita 30 kwa ajili yake. Lakini Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar za enzi ya Mwingereza ziliandika kwenye fulskepu, karatasi yenye urefu wa kama sentimita 33. Majalada ya wakati huo yakilazwa kwenye rafu ya sentimita 30 yanachungulia nje kwa upana wa vidole viwili. Tazama jalada moja kama hilo kwa karibu. Sehemu iliyo ndani bado ina rangi ya maziwa; ile iliyochungulia imekuwa ya kahawia, inakatika ukiigusa, na kwa kuwa namba na jina la jalada viliandikwa kwenye ukingo huo huo, vimeondoka pamoja nao. Jalada lipo, limejaa, na halina jina. Rafu yenye kina cha sentimita 40 ingelilinda pamoja na boksi lake. Rejista kubwa za mahakama na za forodha zilazwe chali, zisizidi mbili au tatu juu ya nyingine. Ramani zitafutiwe kabati la droo pana na za kina kifupi. Ramani iliyokunjwa inakatikia kwenye mkunjo, na mkunjo hupenda kupita juu ya mpaka wa kiwanja kinachogombewa.

Wapo waliotatua suala la vipimo kwa njia ya ujasiri. Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua mwaka 1986 ghala lake huko Southborough, Massachusetts, lenye rafu zinazopanda hadi mita tisa, na vitabu humo havikupangwa kwa mada bali kwa ukubwa: vidogo na vidogo, vikubwa na vikubwa, kila kimoja kikijulikana kwa msimbo wake. Nafasi haipotei hata kidole kimoja. Somo lake linafaa hata kwa chumba cha halmashauri, maana kupanga maboksi kwa ukubwa na kuiachia rejista kazi ya kusema lipi liko wapi huokoa nafasi bila kununua reli. Mashine ya kumpandisha mtumishi mita tisa ni jambo jingine. Ngazi ya juu isizidi mahali ambapo mtumishi wa kimo cha kawaida, akiwa juu ya kigoda imara, anaweza kushusha boksi la kilo nane kwa mikono miwili.

Na ardhi yetu si tulivu kama inavyodhaniwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Ukanda wote wa Bonde la Ufa, kuanzia Kivu hadi Rukwa, unaishi na jambo hilo. Huko New Zealand, alfajiri ya tarehe 4 Septemba 2010, tetemeko la 7.1 liliangusha rafu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Canterbury na kumwaga vitabu sakafuni. Lilipiga saa kumi na dakika 35, watu wakiwa vitandani. Lingepiga saa nne asubuhi, njia kati ya rafu zingekuwa na wanafunzi. Rafu ndefu isiyofungwa juu ni mnara wa domino. Zifungwe moja kwa nyingine kwa vyuma vya juu, ziwekewe mikingamo ya msalaba mgongoni, zifungwe sakafuni kwa bolti. Gharama ya bolti ni ndogo kiasi kwamba mzabuni anaweza kuziongeza bure akiombwa kabla ya mkataba. Akiombwa baada yake, zinakuwa kazi ya nyongeza.

Majengo mengi yanayohifadhi kumbukumbu za nchi zetu yalijengwa kwa kazi nyingine. Nyaraka za Taifa za Kenya, pale Moi Avenue Nairobi, ziko katika jengo lililokuwa la Benki ya India. Wilayani hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kidogo: stoo ya zamani, chumba nyuma ya mahakama, ghorofa ya pili ya jengo la halmashauri kwa sababu ndiyo iliyobaki tupu. Kwa vyumba hivyo, hukumu ya mhadhara huu iko wazi. Rafu za chuma za kusimama, zenye miguu wazi, kina cha sentimita 40, zilizofungwa kwa bolti na kuachana na ukuta, kwenye chumba cha chini kilichoinuliwa kutoka usawa wa maji, ni bora kuliko rafu za kusukuma za bei mara kadhaa zilizopandishwa ghorofani. Za kusukuma zinafaa pale ambapo jengo limesanifiwa kwa ajili yake, sakafu imepimwa, na kuna fundi wa kuzitunza baada ya dhamana kwisha. Kiwango cha kimataifa cha uhifadhi wa nyaraka, ISO 11799, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, kinaanza na mahali na jengo kabla ya kufika kwenye rafu, na mpangilio huo ni wa busara.

Ombi linalobaki ni moja, na linawahusu wakuu wa idara na wahasibu wanaoandaa bajeti ya mwaka ujao. Kabla ya zabuni ya rafu kutangazwa, wekeni mstari wa malipo ya mhandisi majengo, aje apime sakafu na aandike kwa mkono wake mita moja ya mraba inabeba kilo ngapi. Barua yake iwe kiambatisho cha kwanza cha zabuni, na mtunza nyaraka aketi kwenye kamati inayozifungua.